Mama Pimbi Ampandisha Simba Mlimani

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakipika kwenye majiko na kuanika nguo kwenye kamba kama sisi, palikuwa na mlima mrefu kupita yote. Mlima huo ulivaa kofia nyeupe masika na kiangazi. Maji yote ya nchi ile yalitoka huko juu. Yalishuka kwenye mawe, yakapita msituni, yakatokea kwenye chemchemi moja karibu na Lango, mahali njia ya kupandia mlima ilipoanzia.

Kila mtu alichota hapo. Twiga alichota. Digidigi alichota. Hata chura alikuja na wanawe na kikombe chao kimoja.

Sasa sikilizeni vizuri, wadogo zangu. Wanyama hao walikuwa na sheria moja ya kale sana. Ilisema kwamba mtu wa kwanza kusimama kileleni akapaza sauti, na sauti yake ikasikika Langoni, huyo ndiye mwenye maji. Atakalosema kuhusu maji ndilo litakalofuatwa siku zote.

Hakuna aliyewahi kuitumia sheria hiyo. Wengi hawakuwahi kufika kileleni. Na Mama Pimbi, aliyefika huko mara nyingi, hakuwahi hata kufikiri kwamba maji yanaweza kuwa na mwenyewe.

Pimbi ni mnyama mdogo anayekaa kwenye mawe. Hana mkia. Ukimwona kwa mbali utasema ni panya aliyelishwa vizuri. Mama Pimbi aliishi na binti yake Kijino katika nyumba ya mawe, juu kidogo ya Lango. Kazi yake ilikuwa kuwapandisha wageni mlimani. Alipandisha pofu mwenye pembe, alipandisha mbega, alipandisha kila aliyetaka kuiona ile kofia nyeupe kwa karibu, na wote aliwarudisha kwao.

Asubuhi moja, Kijino akiwa anaosha sufuria na mama yake anakoroga uji, mlango uligongwa.

Gooo! Gooo!

"Nani?" akauliza Mama Pimbi.

"Fungua kabla sijaingia na ukuta!"

Mlango ukafunguliwa. Loo! Alikuwa Simba mwenyewe, na nyuma yake Fisi, mpambe wake, anacheka kabla hata ya kuambiwa jambo la kuchekesha.

"Karibuni, Mzee," akasema Mama Pimbi. "Uji uko jikoni."

"Sikuja kunywa uji," akasema Simba. "Nataka unipandishe kileleni."

"Hiyo ni kazi yangu, Mzee. Unataka kuiona barafu?"

"Nataka kunguruma."

Mwiko ukamponyoka Mama Pimbi mkononi. Aliikumbuka ile sheria papo hapo. Nani asiyeujua mngurumo wa Simba? Akinguruma uwandani, vyungu hutikisika majikoni.

"Na ukishanguruma, Mzee, utasema nini kuhusu maji?"

Simba akamtazama Fisi. Fisi akakohoa, akajifanya mtu mwenye heshima zake.

"Mkuu ameamua," akasema Fisi, "kwamba wakubwa watachota bure. Wadogo watachota pia, Mkuu hana roho mbaya. Ila kila nyumba ya wadogo itatoa mtoto mmoja kwanza."

"Mtoto? Mtoto wa nini?"

"Wa kula, mama. Kwani ulidhani wa kusomeshwa?"

Nyie! Mama Pimbi alimkimbilia Kijino. Kabla hajamfikia, Simba alinyoosha mkono akamnyanyua Kijino kwa ngozi ya shingo, povu la sabuni bado linamdondoka vidoleni.

"Mama!" akalia Kijino.

"Huyu atakaa kwa mke wangu," akasema Simba. "Usiponifikisha juu, namla. Nikifika nikanguruma, namla vilevile, kwa sababu nyumba yako iko karibu na chemchemi na lazima tuanzie mahali."

"Na ukifika, ukanguruma, sauti isisikike Langoni?"

Fisi akaanguka chini kwa kicheko. "Kwe kwe kwe! Sauti ya Mkuu isisikike! Kwe kwe! Mbavu zangu!"

Hata Simba akacheka. "Isiposikika, mtoto wako nakurudishia mzima. Naapa kwa manyoya ya shingo yangu. Tunaondoka kesho."

Habari zikaenea kabla uji haujapoa. Majirani wakajaa uani. Nungunungu alikuja miiba imemsimama, Kima akaja ameshika kichwa, na Digidigi akawa analia tu, maana yeye alikuwa na mapacha.

"Umekubali?" akauliza Nungunungu. "Jirani, umekubali kumpandisha?"

"Nimekubali."

"Basi mpoteze njia! Mpeleke kwenye korongo, atumbukie!"

"Siwezi kumtumbukiza mtu niliyempandisha mwenyewe," akasema Mama Pimbi. "Nitampandisha kama ninavyowapandisha wengine. Nitamwambia ukweli mtupu, kila hatua, mpaka juu."

Kima akamnong'oneza Nungunungu, "Uchungu wa mwana umemharibu akili. Amekwisha."

Kesho yake wakakutana Langoni. Nyati ndiye aliyekuwa mpagazi. Alibeba hema, sufuria, mablanketi na gunia la mkaa, vyote juu ya kichwa katikati ya pembe. Simba hakubeba kitu. Fisi alibeba kioo, ili Mkuu ajitazame.

Mama Pimbi akasimama juu ya jiwe.

"Jamani, mlima una desturi zake," akasema. "Mimi natangulia, nyie mnafuata, na hakuna anayempita kiongozi. Tunatembea pole pole, hata kama unajisikia una nguvu. Tunakunywa maji mengi. Kichwa kikianza kuuma, unasema, huoni aibu. Nikisema tushuke, tunashuka. Mlima huu haumjui mkubwa wala mdogo."

"Umemaliza?" akauliza Simba.

"Nimemaliza."

"Sawa. Sogea."

Wakaingia msituni. Msitu ule una matope, una ukungu, na miti imevaa ndevu za kijani. Maji yanadondoka ta, ta, ta kutoka kwenye majani. Mama Pimbi alitembea kama mtu aliyebeba mayai. Hatua. Hatua. Pumzi.

"Pole pole, Mzee."

Simba alivumilia kidogo. Halafu akaanza kukanyaga visigino vya Nyati.

"Hivi huyu anatembea au amelala?"

"Mkuu," akanong'ona Fisi, "mimi nina wasiwasi. Kwa nini anataka uende pole pole? Mwanawe yuko nyumbani kwako. Anataka uchelewe! Anataka uchoke njiani!"

Macho ya Simba yakatoka. "Khaa! Kweli!"

Akaruka, akampita Nyati, akampita Mama Pimbi, matope yakamrukia mama wa watu usoni. Pwaa!

"Mzee, usikimbie!" akaita Mama Pimbi. "Ukikimbia leo, utalia kesho kutwa!"

"Pole pole mwambie kobe!" Simba akajibu, na mkia wake ukapotelea kwenye ukungu.

Walipofika kambini walimkuta ameketi kwenye gogo, anahema lakini anatabasamu. "Mmeona? Nimefika zamani. Fisi, niletee kioo."

Mama Pimbi akamimina maji kwenye bakuli. "Kunywa, Mzee. Na hili. Na hili pia. Huku mwili unakauka bila wewe kujua."

Simba akalinusa bakuli, akamtazama Fisi. Fisi akatikisa kichwa.

"Unataka tumbo lijae maji nishindwe kutembea," akasema Simba. "Hunipati." Akalimwaga. Nyati alitazama maji yale yakizama kwenye udongo, akashtuka, maana hakuwahi kuona mtu akimwaga maji kwa sababu tu yametolewa na mtu mdogo.

Waliendelea kupanda. Msitu ukaisha ghafla, kama umekatwa kwa panga, wakatokea kwenye vichaka na mimea ya ajabu yenye vichwa vikubwa kama makabichi yaliyopandishwa juu ya nguzo. Upepo ulikuwa baridi. Jua lilichoma, lakini kivulini ulitetemeka. Simba alitangulia kila siku, na kila siku alifika kambini wa kwanza. Ila kutabasamu kulipungua. Chakula nacho akakisukuma.

"Nyama ya leo ina nini? Inanuka."

"Ni ileile ya jana, Mkuu," akasema Fisi, na akamsaidia kuila.

Halafu wakafika kwenye mawe marefu, na hapo Mama Pimbi akasema jambo lililomshtua Simba kuliko yote.

"Tumepanda vizuri. Sasa tunashuka."

"Tunafanya nini?"

"Tunashuka pale chini, kwenye lile bonde dogo. Tutalala pale. Kesho tutapanda tena. Ndivyo mwili unavyozoea, Mzee. Unapanda juu, unalala chini."

Simba aligeuka taratibu, kama hakuamini masikio yake. "Nimepanda jabali hili kwa miguu yangu. Nimefika. Halafu nishuke, nilale, nije kulipanda jabali hilihili mara ya pili?"

"Ndiyo, Mzee."

"Ala! Hivi unanionaje? Mimi Simba narudi nyuma?"

"Mkuu harudi nyuma!" akadakia Fisi. "Tangu azaliwe!"

"Mzee, nakuomba. Ukilala hapa utaumwa."

"Nitalala hapahapa. Fisi, tandika."

Mama Pimbi na Nyati wakashuka wawili, wakapiga hema bondeni, wakapika chai ya tangawizi. Nyati alinyamaza mpaka kikombe cha pili, halafu akashindwa.

"Dada, nisamehe, lakini mimi sikuelewi. Yule anataka kumla mtoto wako. Na wewe unamfundisha kupanda! Ningekuwa mimi ningemwambia akimbie, asinywe maji, alale juu kabisa."

"Ungemwambia akimbie, kaka Nyati, angetembea," akasema Mama Pimbi. "Na angetembea pole pole, angefika na pumzi zake zote."

Nyati akakiweka kikombe chini. Alimtazama yule mama mdogo, akatazama juu kwenye mawe alikolala Simba, akamtazama tena.

"Mama yangu!" akasema.

Jua lilipochomoza wakasikia ukelele huko juu. Walipofika walimkuta Fisi amekumbatia jiwe, anatetemeka, na Simba ameshika kioo kwa mikono miwili. Manyoya yote ya shingo yake yalikuwa meupe pee.

"Nimezeeka!" akalia Simba. "Nimelala kijana nimeamka babu! Mvi! Mvi mpaka kwenye sharubu!"

"Ni sakitu, Mzee," akasema Mama Pimbi. "Ni umande ulioganda. Jua likipanda itayeyuka."

"Iguse, Fisi! Iguse!"

Fisi akagusa, akaurudisha mkono haraka. "Inauma! Mkuu, una mvi zinazouma!"

Jua likapanda, sakitu ikawa maji, ikamtiririka Simba mpaka puani. Lakini hakufurahi. Alikuwa ameshika kichwa.

"Nani ananipiga nyundo?"

Akageuka huku na huku.

"Fisi, ni wewe? Acha!"

"Mkuu, mimi niko huku."

Mama Pimbi akamsogelea, akamtazama macho, akatazama midomo yake. Hakupenda alichokiona. Sauti yake ikabadilika.

"Mzee Simba, nisikilize, hili si la mzaha. Kichwa kikiuma hivyo huku juu, dawa ni moja tu. Kushuka. Tushuke sasa hivi, upate nafuu, tutapanda siku nyingine."

Kwa mara ya kwanza ilionekana kama Simba anafikiri. Nyati alibana pumzi. Mama Pimbi naye alibana pumzi, maana alichosema kilikuwa kweli kabisa, na kama Simba angekubali, Kijino angebaki mikononi mwake.

Halafu Simba akacheka. Kicheko chenyewe kilikuwa kidogo, kikaishia kwenye kikohozi.

"Ahaa. Nimeshakaribia, ndiyo maana unaniambia nishuke. Unaogopa! Leo ndiyo leo. Twende juu!"

Akaenda. Wadogo zangu, alienda! Alipanda kwenye changarawe ile inayorudi chini kila unapokanyaga. Hatua mbili mbele, moja nyuma. Kwarara! Alianza kwa kukimbia, akaishia kutembea, kisha akawa anatambaa. Mama Pimbi alimfuata, Nyati na Fisi nyuma yake, kwa mwendo wake uleule wa tangu Langoni. Hatua. Hatua. Pumzi. Akamfikia. Akaenda sambamba naye, bila kumpita.

Jua likiwa katikati, walifika.

Hapakuwa na mti wala jani. Palikuwa na ukuta wa barafu, mrefu kuliko twiga wawili, unang'aa mpaka macho yanatoka machozi. Simba aliuegemea apumzike, akaruka. "Unaniunguza! Kitu baridi kinaniunguza!" Na chini, mbali sana, dunia yote ilikuwa imelala kama mkeka.

Huko Langoni wanyama wote walikuwa wamesimama tangu asubuhi, masikio juu. Mke wa Simba alikuwepo, amemshika Kijino mkono. Digidigi alikuwa amewafunika mapacha wake kwa khanga, kana kwamba khanga inazuia sauti.

Simba akajikokota mpaka ukingoni. Akapanua miguu. Akafungua kinywa, meno yote yakaonekana. Fisi akaziba masikio. Nyati akafumba macho.

"Hhhhh..."

Nyati akafumbua jicho moja.

Simba akameza mate. Akajaribu tena, kwa nguvu zaidi. "Hhhhhh-kho! Kho! Kho! Fyuuu..."

"Mkuu?" akauliza Fisi.

Simba akakusanya kila pumzi iliyobaki kifuani mwake. Akarudisha kichwa nyuma. Akasukuma.

"Nyau."

Gunia la mkaa likamdondoka Nyati kichwani. Puu! Hakuna aliyeinama kuliokota. Fisi alifungua mdomo acheke, kama alivyozoea, akakumbuka ni nani amesema nyau, akaubana kwa mikono yote. Hata upepo ulikuwa kama umesimama kusikiliza vizuri.

"Nani..." Simba akahema. "Nani... ameiba... sauti yangu?"

"Hakuna mwizi hapa, Mzee," akasema Mama Pimbi. "Huku juu hewa ni chache. Anayekuja pole pole anajifunza kuitumia. Wewe ulikuja mbio, ukazimaliza pumzi zako njiani."

Kisha akamgeukia Nyati. "Kaka, inamisha kichwa."

Nyati akainama. Mama Pimbi akapanda kwenye pembe, akasimama juu kabisa. Wote walidhani wanajua kitakachofuata. Kitu kidogo vile, sauti yake itafika wapi?

Lakini hao hawakuwahi kumsikia pimbi akipiga kelele. Yule mnyama, nyie! Akiamua, unaweza kudhani kuna mtu anakatwa kwa msumeno.

"Kwiiii! Kwe-kwe-kwe-KWIIIIII! MAJI NI YA WOTEEE!"

Fisi akaanguka chali. Sauti ikagonga ukuta wa barafu, ikarudi imekuwa mara mbili, ikaingia kwenye korongo, ikashuka nalo kama maji yanavyoshuka, ikipiga jiwe hili na jiwe lile. Wote wakasikiliza ikienda, ikienda, mpaka ikanyamaza.


Mama Pimbi alibaki juu ya pembe, masikio wima. Akilini alimwona Kijino na vidole vyake vya povu. Kama haikufika?

Ndipo kutoka chini, nyembamba kama sauti ya mbu, ikaja. "Lililililiii!" Vigelegele. Halafu vingine. Nchi nzima ilikuwa inapiga vigelegele.

Mama Pimbi akaketi palepale juu ya pembe, akalia.

"Hongera, Mkuu!" akasema Fisi.

Simba akainua kichwa. Lakini Fisi hakuwa anamtazama Simba. Alikuwa amempigia magoti Mama Pimbi, na kile kioo amemshikia mbele.

"Mkuu Pimbi! Mimi siku zote nilisema, huyu mama ana sauti!"

"Fisi!" Nyati akashtuka. "Huoni haya?"

"Haya ya nini? Yule amekwisha. Mtazameni."

Kweli Simba alikuwa ameanguka ubavuni, midomo imekuwa ya buluu. Alikuwa anasema maneno yasiyoeleweka, anamwita mke wake amletee maji.

"Tumwache," akasema Fisi. "Nani atajua? Tutasema alipenda mandhari akabaki."

Nyati akakuna ardhi kwa kwato. "Dada, mimi simpendi Fisi. Lakini safari hii... Huyu akibaki hapa, hakuna mtoto wa mtu atakayelala kwa hofu tena."

Mama Pimbi akafuta machozi. Akamtazama Simba kwa muda mrefu. Halafu akashuka kutoka kwenye pembe.

"Nimempandisha mimi," akasema. "Nitamshusha mimi. Mzee Simba, unanisikia? Shika mkia wa Nyati kwa meno. Usiung'ate, ushike tu."

Simba akafungua jicho. "Huniachi?"

"Sijawahi kumwacha mgeni."

"Hata... baada ya mtoto?"

"Nyamaza. Usimalize pumzi."

Basi Nyati, ambaye ukoo wake wote ulikimbia simba tangu dunia iumbwe, akashuka mlima akiwa na simba amening'inia mkiani. "Nikisimulia hii nyumbani," alikuwa anasema njia nzima, "hata mama yangu mzazi atanikatalia. Atasema nimekula majani mabaya."

Wakashuka changarawe, wakashuka mawe, wakapita vichaka bila kupiga kambi mpaka pale ambapo Simba aliweza kuketi na kunywa. Safari hii alikunywa mabakuli yote aliyopewa. Kila waliposhuka, rangi ilimrudia. Walipoingia msituni akauachia mkia wa Nyati, akasimama kwa miguu yake. Akakohoa. Akasafisha koo.

"NGRRRRUUUUUM!"

Ndege wakaruka kutoka kwenye kila mti. Fisi akapotelea kichakani, na mpaka leo hakuna anayejua alitokea upande gani. Nyati akasimama mbele ya Mama Pimbi, pembe chini.

"Sogea, Nyati," akasema Simba. Alimtazama Mama Pimbi, na macho yake yalikuwa yamebadilika, kama mtu aliyepigwa kofi akiwa usingizini. "Wewe mama. Uliniambia pole pole."

"Nilikuambia, Mzee."

"Uliniambia ninywe maji. Nilale chini. Uliniambia hata nishuke, kichwa kilipouma."

"Nilikuambia yote."

"Ulijua sitakusikia!" Simba akapaza sauti. "Uliniambia ukweli kwa sababu ulijua nitafanya kinyume!"

"Ningekuambia uongo ungesema nimekudanganya," akasema Mama Pimbi. "Sasa utasema nini?"

Simba akaketi chini kwenye matope kama mtoto aliyepotea sokoni.

"Turudi," akasema mwishowe. "Turudi juu. Nitatembea nyuma yako pole pole, nitakunywa maji mpaka nipasuke."

"Ungefika," akasema Mama Pimbi. "Lakini sheria inasema wa kwanza, Mzee. Wa kwanza ameshapatikana."

Langoni walikuta umati. Kijino alichomoka mbio akamrukia mama yake, wakaviringika wote mpaka kwenye miguu ya Nungunungu, ambaye alilazimika kuruka asiwachome. Mke wa Simba alikuja pole pole nyuma yake, mikono kiunoni.

"Nimemwachia tangu vigelegele vya kwanza," akamwambia mumewe. "Mimi naijua sauti yako, baba watoto. Ile haikuwa yako."

"Ilikuwa ya Pimbi."

"Ya Pimbi!" Mke wa Simba akashika mdomo. "Na wewe ulikuwa wapi?"

Simba akatazama chini. "Nilikuwepo."

Alikuwa na kiu. Akaelekea kwenye chemchemi kama alivyozoea, kifua mbele. Wanyama walikuwa wamepanga foleni, kila mmoja na ndoo yake. Zamani wangetawanyika. Leo hakuna aliyeondoka.

Simba akasimama. Akatazama foleni kutoka mwanzo mpaka mwisho.

"Wa mwisho ni nani?" akauliza.

Kule nyuma kabisa mkono mdogo ukanyooka.

"Ni mimi, Mzee," akasema Digidigi, mapacha wake wakiwa wamejificha nyuma ya sketi yake.

Simba akaenda akasimama nyuma yake, akangoja.

Na funzo la hadithi hii, wadogo zangu, ni kwamba ukijiona mkubwa mno kumsikiliza mdogo, hata ukweli mtupu utakudanganya.